Simu ya Akiba

Alhamisi ile ilianza kama siku yoyote nyingine huko Logiri. Moshi ulipanda kutoka jikoni, kuku walichakura chini ya ghala, na Ayikoru alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe lake akisaga simsim ya kupeleka sokoni. Karibu naye, mumewe Acidri alikuwa ameipindua baiskeli miguu juu. Alilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Acidri alikuwa fundi baiskeli mjini Arua. Wenzake wakipata mapumziko hulala. Yeye alipanda baiskeli akaenda mbali, si kwa biashara wala kwa msiba, bali kuona tu barabara inakwenda wapi. Majirani walimcheka. Walisema ni mtu mzima mwenye ndevu anayezurura kama mbuzi aliyekata kamba. Naye alicheka pamoja nao, kisha akaondoka.

Safari hii alikuwa anakwenda Koboko, alale kwa rafiki yake Akram, siku ya pili apande vilima vya Kuluba, na Jumamosi arudi. Alikuwa amevisha magurudumu tairi mpya usiku uliopita. Mkobani alitia pampu, viraka, gundi, na simu mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya picha na ramani. Ya pili ilikuwa ndogo, ya vitufe na tochi, ambayo chaji yake hukaa juma zima. Aliizima, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, akampa mkewe aufunge.

"Hii ni ya akiba," alisema. "Namba yake unayo wewe peke yako. Ile kubwa ikiibiwa, au ikianguka mtoni, ndipo nitaiwasha hii. Ukiona inakupigia, ujue nimepata shida."

"Kwa hiyo unaondoka na kuniachia kitu cha kuogopa."

"Nakuachia kitu cha kuombea kisilie, Mama Annet."

Ayikoru aliukaza mfuko kwa fundo lake la sokoni, lile la kufungia magunia, linalohitaji meno kulifungua. Acidri alimuaga mama yake, Mzee Viktoria, aliyekuwa ameketi kivulini akichambua kunde. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkimbilia nyuma. Aligonga kengele mara moja, akateremka kilima.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Aliyelala safarini ng'ambo ya mto haingii uani moja kwa moja. Husimama kwenye upenyo wa ua wa minyaa na kungoja. Mwanamke wa nyumba hutoka na maji, humtazama machoni, humwita jina lake mara tatu, kisha humwagia maji miguuni. Hapo ndipo huingia. Siku nyingine zote Ayikoru alimwita mumewe Baba Annet. Jina lenyewe, Acidri, lilitoka kinywani mwake pale uani tu, mara tatu, kila aliporudi.

Na sharti lilikuwa moja. Mtazame kwanza, ndipo umwite.

Alipoolewa aliuliza sababu. Mzee Viktoria akasema, "Tulikimbilia Kongo wakati wa vita. Tulipoanza kurudi, tulirudi mmoja mmoja. Si kila aliyerudi alikuwa ametoka hapa."

Alhamisi jioni Acidri alipiga kutoka Koboko, akicheka. Ijumaa alituma picha ya vilima vya Kuluba, na baiskeli imeegemea jiwe. Jumamosi asubuhi Ayikoru alikwenda Arua na ndoo zake za simsim, akaketi mahali pake karibu na Sadiya, mwanamke wa Koboko aliyeuza samaki wakavu na mwenye mdomo usiochoka.

"Bwana yako iko rudi leo?" Sadiya aliuliza. "Mwanaume ya kuendesha baiskeli siku tatu bila kubeba hata ndizi! Mimi, bwana yangu akifanya hivo, nafungia yeye mlango."

"Ukimfungia atarudi Kuluba."

"Basi arudi! Huko atalisha mbuzi."

Walikuwa wakicheka bado simu ya Ayikoru ilipolia. Saa ilikuwa sita mchana, jua liko utosini. Alitazama kioo. Ilikuwa ile namba ya akiba.

Aliipokea haraka.

"Mama Annet," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya Acidri, nzito ya uchovu. "Nimeanguka. Nimeumia mguu."

"Uko wapi?"

"Nimefika. Nimesimama hapa kwenye ua. Nimemwita mama, hasikii."

Ni kweli mzee alikuwa mzito wa masikio. Ayikoru alisimama. "Nakuja sasa hivi."

"Arua ni mbali. Damu inatoka, na jua linaniua. Niite tu nipite."

"Lakini sijakuona."

"Ni mimi, mke wangu. Nani mwingine anayejua kwamba hapa mtu hungoja kuitwa?"

Jambo hilo ndilo lililomshinda. Desturi ile haikuwa ya soko zima. Ilikuwa ya nyumba yao. Aliwaza mguu uliovunjika, aliwaza mtu mzima anayevuja damu hatua tano kutoka mlangoni kwake kwa sababu tu mke wake anauza simsim. Aliikinga simu kwa kiganja, akainama, akaita.

"Acidri. Acidri. Acidri."

 Kisha akasikia mlango wa jiko lake ukilia, kule Logiri, kwa mlio wake uleule wa bawaba iliyokosa mafuta.

"Asante," sauti ilisema.

Haikuwa na uchovu tena.

Alikuwa bado anamwagiza Sadiya amtunzie ndoo simu ilipolia mara ya pili. Ilikuwa namba ya ile simu kubwa.

"Mama Annet! Usinipikie mapema, nitachelewa. Nimepata pancha hapahapa Koboko, na huyu Akram anashika pampu kama anakamua ng'ombe."

Nyuma yake Akram alisikika akipaza sauti: "Shemeji, huyu mutu yako iko fundi ya bure! Tairi mpya, na iko lia pancha!"

Ayikoru aliketi chini, juu ya udongo mtupu.

"Si umefika nyumbani?" aliuliza.

"Nyumbani wapi?"

"Umenipigia sasa hivi. Kwa simu ya akiba."

Acidri alicheka, kisha akaacha. Alisikika akifungua mkoba. 

"Iko hapa," alisema polepole. "Imezimwa. Fundo lako halijaguswa."



"Labda ni matapeli," Acidri alisema. "Siku hizi wanaiga namba."

"Alijua habari ya ua."

 Mumewe alinong'ona, kama mtu aliye karibu na kitu kilicholala.

"Ayikoru. Umemwita nani?"

Alipanda bodaboda.  Alipofika aliona uani pametulia, kuku wako kivulini, na moshi unapanda. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Ilikuwa baiskeli ya Acidri, yenye kengele iliyobonyea, mkoba wake, na kiti alichokishona kwa mkono.

Mke wa fundi hujifunza mambo bila kufundishwa. Tairi ikitoka dukani huwa na vinyweleo vya mpira, vyembamba kama ndevu za paka, na mwendo wa siku moja tu huving'oa vyote. Ayikoru aliinama. Acidri alikuwa ameondoka Alhamisi. Alikwenda Koboko, akapanda Kuluba, akapita kwenye changarawe na mawe.

Vinyweleo vilikuwa vyote mahali pake.

Ndani, mumewe alikuwa ameketi mezani anakula muhogo na kunde. Mama yake alikuwa amesimama karibu na chungu. Hakuwa ameketi, wala hakuwa anapakua. Alikuwa amesimama tu.

"Umerudi mapema, Mama Annet," mwanamume alisema. Alitabasamu kwa tabasamu ambalo Ayikoru alilijua.

"Umeumia wapi?"

Alinyanyua suruali kumwonyesha. Pale kwenye goti Acidri alikuwa na kovu alilopata utotoni, alipoanguka kutoka kwenye tuta la mchwa. Sasa hapakuwa na jeraha. Hapakuwa na kovu pia. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

Simu ya Ayikoru ililia mfukoni. Alitoka nayo nje, na yule wa ndani hakumzuia.

"Nimeshaiacha Koboko mbali nyuma," Acidri alisema, akihema. "Nimeendesha kama mwizi. Toka nje unisubiri. Uwe na maji. Unitazame, uniite, basi yataisha. Huyo aliyeingia atakuwa hana la kufanya."

"Njoo," alisema. "Njoo upesi."

Alichota maji, akasimama kwenye upenyo wa ua, uso wake njiani. Saa kumi Acidri alipiga tena. Alikuwa anaona paa la kanisa. Alikuwa amelipita duka la Faruk, ambalo ni la mwisho kabla ya kilima chao. Dakika tano tu.

Dakika tano zilipita. Zikapita kumi, na simu ikalia tena.

"Nimepita kwa Faruk," Acidri alisema.

"Umeshaniambia."

"Nimepita tena. Nakwenda mbele, kisha naliona lile duka mbele yangu. Mama Annet, kilima chetu kiko wapi?"

Duka la Faruk lilionekana kutoka pale aliposimama, na bati lake linang'aa. Ayikoru alitazama barabara yote tangu dukani hadi miguuni pake. Ilikuwa nyeupe, kavu, na tupu. Lakini simuni alisikia kengele ya baiskeli. Na kwa sikio lake lingine, lisilo na simu, aliisikia pia, chini kidogo ya kilima, ikipita.

"Chaji inaisha," Acidri alisema. "Nitaifungua ile ya akiba. Nitakata fundo lako."

Ile kubwa ikazimika. Baada ya muda mfupi namba ya akiba ikapiga.

"Hii itakaa juma zima," alisema, na sauti yake ilijaribu kuwa na mzaha. "Unaona faida yake? Sasa niite. Labda nikikusikia nitaiona njia."

Hakuweza kumtazama, lakini aliita. Aliacha simu, akaita kwa sauti kubwa kuelekea barabarani.

"Acidri!"

"Naam," ikajibu sauti kutoka ndani ya nyumba.

"Acidri!"

"Naam."

Mara ya tatu machozi yalimzuia, lakini aliita.

"Naam, mke wangu," yule wa ndani alisema kwa upole. "Ingia. Chakula kinapoa."

Mzee Viktoria ndiye aliyemtoa pale. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya ghala, mahali ambapo sauti haifiki mlangoni. Walikaa chini, na mzee akamnong'oneza.

"Usiite tena. Unamchosha aliye nje."

"Unajua kwamba si yeye?"

"Nilijua alipoingia. Sikumfungulia mimi, mwanangu. Mlango ulifunguka wenyewe."

"Basi tumtoe! Twende kwa padri, twende kwa wazee wa ukoo."

Mzee alitikisa kichwa. "Nyumba huita mara moja. Aliyeitwa ndiye mwenye jina. Wazee watakuja, watamwuliza majina ya babu zake, naye atayataja yote bila kosa. Nimeshaliona."

"Uliliona wapi?"

Mzee Viktoria alitazama mikono yake. 

"Tulipotoka Kongo, Acidri alikuwa mgongoni mwangu. Baba yake alibaki nyuma kutafuta mbuzi wetu. Nilingoja siku kumi na mbili. Jioni moja nikasikia mtu anakohoa nje ya ua, kwa kikohozi chake. Mimi nilikuwa ndani na moto, na mtoto ana homa. Sikutoka. Nilimwita nikiwa nimeketi."

Ayikoru alimgeukia.

"Yule uliyemjua kama baba mkwe wako," mzee alisema, "yule mliyemzika kwa heshima. Tulikaa naye miaka ishirini na minane. Hakunipiga hata siku moja. Hakuwahi kuugua. Alilima, akasomesha mtoto. Hakuota mvi mpaka nilipomwambia kwamba watu wanatazama."

"Na yule wa kweli?"

"Aliita kutoka mtoni. Kila siku, mchana, jua likiwa kali. Alikuwa akiniuliza njia. Niliziba masikio kwa nta mpaka yakaharibika." Alijishika sikio lake zito. "Mvua za pili zilipofika, akanyamaza."

Ayikoru hakulala chumbani mwake. Alilala jikoni kwa mzee, wala yule mwanamume hakumlaumu. Asubuhi alikuta kuni zimepasuliwa na mtungi umejaa.

Jumapili alishuka hadi dukani kwa Faruk.

"Nimemwona jana," Faruk alisema. "Ameinama juu ya usukani, anakwenda mbio. Nimempungia mkono. Baada ya muda nimemwona tena, anatoka upande uleule. Nikasema huyu bwana anafanya mazoezi ya mashindano." Alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Leo sijamwona. Leo nasikia kengele tu."

Acidri alipiga kila siku. Ayikoru alipokea kila mara, akiwa nyuma ya ghala, na simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Jumatatu alisema hana njaa, na kwamba jambo hilo linamtisha kuliko njaa yenyewe. Jumanne alisema watu wa njiani hawamjibu salamu. Alijaribu kushuka na kutembea kwa miguu, akafika pale alipoiacha baiskeli. Alijaribu kukaa tu asubiri, lakini jua halikusogea.

"Hapa ni saa sita," alisema. "Ni saa sita tangu Jumamosi. Huko ni saa ngapi?"

"Ni usiku," Ayikoru alisema.

Alimsikia akilia. Katika miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kumsikia akilia.

Jumatano Ayikoru alichukua panga, akaufyeka ua wa minyaa wote wa upande wa barabara, akidhani kwamba pasipokuwa na ua hapatakuwa na upenyo wa kungojea. Utomvu mweupe ulimrukia mikononi ukamchoma. Yule mwanamume alitoka, akamnawisha kwa maji na mafuta, akamfunga vitambaa kwa subira kama muuguzi. Asubuhi ya Alhamisi ua ulikuwa umesimama kama kawaida, mzima, pamoja na upenyo wake. 

Ijumaa Acidri aliongea kidogo sana. Alimkumbusha ada ya shule ya Annet. Alimwambia mahali alipoficha funguo za kibanda chake cha ufundi. Kisha akauliza swali alilokuwa amelikwepa juma zima.

"Anakutendea vizuri?"

Ayikoru alitaka kusema uongo, lakini hakujua ni jibu lipi ambalo lingemuumiza kidogo.

"Ndiyo," alisema.

"Vizuri." Kisha akaendelea: "Kistari cha chaji kimebaki kimoja. Nitaizima sasa. Niiwashe tena lini? Niambie wewe. Niambie siku utakayokuwa umepata njia, niiwashe siku hiyo."

 Ayikoru alifikiria padri, aliyekuja Jumatano akanywa chai na mwanamume yule, akaondoka akimsifu. Alifikiria wazee wa ukoo, ambao walisikiliza majina ya mababu yakitajwa hadi kizazi cha tisa, wakamwomba Ayikoru apumzike. Alitafuta siku moja ya kumtajia. Hakuipata.

"Mama Annet?" Acidri aliita. "Upo?"

"Nipo."

"Basi nitaiacha iwe wazi," alisema taratibu. "Usikate. Ongea lolote."

Alimweleza habari za simsim. Alimweleza bei ya soko, na Sadiya, na kuku aliyetaga ndani ya kikapu. Aliongea mpaka akagundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiongea peke yake.

Annet na mdogo wake walirudi likizo. Baba yao aliwapokea kwa furaha, akawabeba mmoja huku mmoja kule. Annet alimwambia mama yake kwamba baba siku hizi ananukia vizuri, kama udongo mpya. Ayikoru alisema ndiyo. Alimpakulia kila mtu chakula. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alikwenda kulala chumbani mwake, kwa sababu watoto wangeuliza.

Usiku mvua ilinyesha, ile mvua ya kwanza ya msimu inayopiga bati kama kokoto. Ilinyesha mpaka alfajiri. Ayikoru alipotoka, uani pote palikuwa tope, na maji ya mvua yalikuwa bado yanashuka kilimani kwa vijito vyekundu.

Mzee Viktoria alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ua, amejifunika khanga kichwani, anatazama chini. Ayikoru akaenda akasimama karibu naye.

Alama ya tairi moja ilikuwa imepanda kutoka barabarani, ikafika kwenye upenyo, ikaishia hapo. Hapakuwa na alama ya kurudi. Pembeni yake palikuwa na nyayo mbili za mtu aliyesimama, vidole vikielekea nyumbani. Tope lote lilikuwa limelowa. Ndani ya nyayo zile udongo ulikuwa mkavu, mweupe, wenye joto, kama udongo wa saa sita mchana.

Ayikoru alizitambua. Alikuwa amezimwagia maji mara nyingi.

Lakini kushoto kwa nyayo zile, bega kwa bega, palikuwa na jozi nyingine ya nyayo. Zilikuwa pana zaidi, za mtu aliyetembea maisha yake yote bila viatu, na zilikuwa zimezama chini sana, kama za mtu aliyesimama pale kwa miaka.

Mzee Viktoria alipiga magoti kwenye tope. Alinyoosha kiganja chake, akakiweka ndani ya unyayo mmoja wa zile pana, akaupima kutoka kisigino hadi kidole gumba. Kisha akaushikilia udongo mkavu, wala hakuinua uso.